Kupimwa Kifua Kikuu: Hasara Gani, Faida Gani?



Mmezoea kusoma katika vitabu hivi habari za mahindi na mihogo, namna ya kupanda kwa mistari na namna ya kuhifadhi mbegu. Leo nitasema habari ya kikohozi. Msishangae kuona monitere wa kilimo ameweka jembe chini na kusema habari ya kifua. Kazi yangu ni kupima mashamba. Napita na kamba, nahesabu hatua, naandika katika daftari. Na katika kupita hivyo nimeona jambo moja: shamba lililoshindwa na majani, mara nyingi si shamba la mvivu. Ni shamba la nyumba yenye mtu anayekohoa.

Nitawapa habari ya mzee mmoja. Jina lake sitalitaja. Nilifika katika shamba lake la mihogo wakati wa mvua, nikaona majani yamefika kiunoni. Nikaandika katika daftari: "Mvivu." Mke wake akaniona naandika. Akasema, "Baba monitere, njoo kwanza nyumbani." Nikaingia, nikamkuta mzee amelala karibu na moto, mbavu zake zinahesabika. Alikuwa anakohoa tangu mavuno yaliyopita. Nililifuta lile neno kwa raba, lakini alama ilibaki katika karatasi, na mimi nilibaki na aibu.

Nikamwuliza, "Baba, waganga walipita hapa na gari lao kupima watu vifua. Ulikuwa wapi siku ile?" Akajibu, "Nilijificha katika kibanda cha shamba mpaka gari likaenda." Nilitaka kumkaripia. Lakini yeye ni mzee na mimi ni kijana, basi nikanyamaza, nikamsikiliza. Akanitajia sababu zake moja moja, na alipokwisha sikuweza kumwita mjinga. Sababu zake zilikuwa za kweli. Ila hesabu yake ilikuwa na kosa mahali pamoja. Hesabu hiyo nataka kuifanya tena hapa pamoja nanyi, polepole, upande wa hasara na upande wa faida, kama tunavyopima gunia mbele ya mnunuzi.

UGONJWA WENYEWE

Kifua kikuu kinaletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho. Munganga mmoja wa Ujerumani, Robert Koch, alikitangaza mbele ya wenzake katika mwaka 1882. Kabla ya hapo, hata Ulaya watu wengi walisema ni ugonjwa wa ukoo, kwa sababu waliona baba anakufa, kisha mtoto, kisha mjukuu, katika nyumba ileile. Kwetu watu walisema ni uchawi, kwa sababu hiyohiyo. Macho ya watu hayakudanganya: kweli ugonjwa huu hufuata nyumba. Lakini haufuati damu wala fitina. Unafuata hewa. Mgonjwa akikohoa, au akiimba, au akisema kwa nguvu, vijidudu vinatoka na kuelea ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha, na wanaolala humo wanavivuta. Sahani, kijiko, blanketi na kupeana mkono havileti ugonjwa huu. Msimtengee mgonjwa sahani yake peke yake, fungueni dirisha.

Si kila mtu aliyeingiwa na kijidudu anaugua. Katika watu 100 walioingiwa, 5 mpaka 10 tu wataugua katika maisha yao, na wengi wao ndani ya miaka 2 ya kwanza. Kwa wengine kijidudu kinalala, kama mbegu katika udongo mkavu. Kinachokiamsha ni udhaifu wa mwili: njaa, ukimwi, ugonjwa wa sukari, pombe nyingi. Na kwa watu wa nchi ya migodi kuna jambo la zaidi, ndilo vumbi la mawe. Mtu anapotoboa mwamba au kuuponda, vumbi lile lina chembe za silika, kali kama kioo kilichosagwa. Chembe zinakaa ndani ya mapafu na kuyatia makovu. Mwenye makovu hayo anaugua kifua kikuu kwa wepesi kupita mtu mwingine, hata kama ameacha mashimo miaka mingi na sasa ni mlimaji kama sisi.

Ugonjwa huu hauna haraka. Malaria inakuangusha leo, na kesho unajua. Kifua kikuu kinakula mtu kwa miezi, tena kwa miaka: kikohozi, jasho la usiku, homa ndogo za jioni, nguo zinazidi kuwa kubwa. Wasiotibiwa, karibu nusu yao hufa. Na siku zote hizo mgonjwa anatembea, anasalimia watu, analala pamoja na watoto. Dawa ipo. Ni vidonge vya miezi 6: miezi 2 ya kwanza dawa za namna 4, kisha miezi 4 dawa za namna 2. Wanaotibiwa vizuri, zaidi ya 8 katika kila 10 wanapona. Mtu aliyeanza dawa zinazofaa huacha kuambukiza upesi, mara nyingi kabla ya wiki 2 kupita.

Kama ni hivyo, mbona tusingoje tu mgonjwa mwenyewe aje lopitali? Hapo ndipo kuna ugumu. Katika nchi nyingi waganga wamepima vijiji vizima, watu wote, wazima na wagonjwa. Wakaona kwamba karibu nusu ya waliokuwa na vijidudu katika makohozi hawakujisikia kuwa na kikohozi cha kusumbua. Mtu kama huyo hatakuja lopitali. Ataendelea na kazi yake. Kwa hiyo waganga hutoka kumtafuta, na kazi hiyo ya kuwatafuta wagonjwa katikati ya watu wasiolalamika ndiyo tunayoipima leo.

HASARA

Sasa nirudi kwa mzee wangu na sababu zake.

Ya kwanza ilikuwa mvua. Gari lilifika katika mwezi wa Novemba, mvua ya kwanza imekwisha kunyesha, mbegu za mahindi ziko mkononi. Ninyi mnajua, nami ninawafundisha kila mwaka: mahindi yaliyochelewa kupandwa hayalipi jasho. Kusimama siku nzima katika mstari kungoja picha ya kifua, kisha siku nyingine kwenda kuchukua majibu, hizo ni siku 2 ambazo hazitarudi. Waganga wengine hawalijui jambo hili, kwa sababu mshahara wao hauoti katika udongo. Mimi nasema wazi: anayetaka kupima kijiji cha walimaji na aje wakati wa kiangazi, Juni au Julai, watu wakiwa na nafasi.

Ya pili ilikuwa franga. Dawa za kifua kikuu katika nchi yetu hutolewa bure. Lakini njia si bure. Kuna nauli ya kamyo au ya pikipiki, chakula cha njiani, na siku za kazi zinazopotea, tena si mara moja, ni miezi 6. Shirika la Afya Duniani limeuliza nyumba za wagonjwa katika nchi nyingi, likaona kwamba karibu nusu ya nyumba hizo zilipoteza zaidi ya sehemu moja katika tano ya mapato yao ya mwaka kwa sababu ya ugonjwa huu, ingawa vidonge havikununuliwa. Asiyetaja hesabu hii anaposema "njooni, ni bure," hasemi kweli yote.

Ya tatu, kijana wake alikuwa akifanya kazi katika mashimo. Mzee aliogopa kwamba baba akionekana mgonjwa, mtoto naye atapimwa, kisha atafukuzwa kazi. Nitarudi kwa neno hili, kwa maana ni zito.

Ya nne ilikuwa jina. Nyumba ikiitwa nyumba ya kifua kikuu, wanawake hawataki kunywa maji yake, na binti wa nyumba hiyo hachumbiwi upesi.

Kuna hasara ya tano ambayo mzee hakuitaja, kwa kuwa hakuna aliyemweleza. Kipimo hukosea. Hukosea kwa njia mbili: pengine kinamwacha mgonjwa, kikisema ni mzima, pengine kinamshika mzima, kikisema ni mgonjwa. Aliyeachwa anarudi nyumbani na moyo mweupe, anaacha kujiangalia. Aliyeshikwa bure anameza dawa kali miezi 6. Dawa hizo zinaweza kuumiza ini, kuleta maumivu ya viungo, na moja yao mara chache hudhuru macho. Tena anabeba lile jina, na shamba lake linabaki nyuma, bila ugonjwa wowote.

HESABU YA WATU ELFU MOJA

Tuchukue kijiji kimoja cha mfano chenye watu wazima 1,000, na kati yao wagonjwa 4. Tuseme mashine ya kupima makohozi inawaona wagonjwa wote, ingawa kweli huwaacha wengine. Tuseme pia kwamba katika wazima 100 inamshika mmoja bure. Kosa moja katika mia ni dogo; mimi mwenyewe nikipima mashamba nakosea zaidi. Lakini angalieni.

Tukiwapima wote 1,000, mashine itasema wagonjwa ni 14. Wanne ni wagonjwa kweli. Kumi ni wazima. Yaani katika walioitwa wagonjwa, walio wengi hawaugui. Mashine haikuharibika. Ni kwa kuwa wazima ni wengi sana, na kosa dogo likizidishwa kwa watu wengi linakuwa kubwa.

Sasa tuanze namna nyingine. Tuwaite kwanza watu 100 tu: wanaokohoa zaidi ya wiki 2, waliokaa nyumba moja na mgonjwa, waliofanya kazi katika vumbi la mawe, na wenye ukimwi. Tuseme kati ya hao wamo wagonjwa 3 katika wale 4. Mashine itasema 4: watatu wa kweli na mmoja wa bure. Wamebaki watu 900, na ndani yao kuna mgonjwa 1. Tukitaka kumpata huyo mmoja kwa mashine ileile, tutawashika bure wengine 9.

Tuweke na bei. Mashine nyingi zinazotumika sasa, zile ambazo Shirika la Afya Duniani lilizikubali mwishoni mwa mwaka 2010, hutoa jibu kwa muda wa saa 2 hivi. Kila mtu anayepimwa hula kikopo kimoja cha dawa ndani ya mashine. Tangu mwaka 2023 kikopo kimoja huuzwa kwa nchi zetu karibu dola 8. Watu 100 ni dola 800, na tumepata wagonjwa 3. Wale 900 waliobaki ni dola 7,200, na tumepata mgonjwa 1. Na kwa dola 7,200 dispanseri yaweza kununua vitu vingi.

Msiseme kwamba monitere anamdharau yule mmoja. Yule mmoja ni mtu, pengine ni mama mwenye watoto wanne katika chumba kimoja, na akiachwa atawaambukiza. Kwa ajili yake waganga wameweka vichungio viwili, kama mama anavyochekecha unga. Kwanza picha ya kifua kwa watu wote: ni upesi, na haili kikopo. Wenye doa katika picha, hao tu, ndio wanaotoa makohozi. Doa si hukumu. Kovu la zamani linaleta doa, na vumbi la mashimo linaleta doa. Mtu akiambiwa "picha yako ina doa," asilie na asikimbie. Aende kutoa makohozi. Na aliyetibiwa kifua kikuu zamani aseme hivyo mbele ya munganga, kwa sababu mashine zingine zinaweza kuona mabaki ya vijidudu vilivyokufa na kumwita mgonjwa tena.

Kwa hiyo faida ya kupima inategemea ugonjwa umeenea kiasi gani mahali pale. Katika maagizo yake ya mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba watu wote wa mahali wanaweza kupimwa ikiwa wagonjwa ni 5 au zaidi katika kila 1,000. Lakini jamaa wa nyumba ya mgonjwa, wenye ukimwi, wafungwa, na wale wanaofanya kazi au waliofanya kazi katika vumbi la silika, hao wapimwe bila kungoja hesabu ya mahali. Vijiji vyenu vina watu wengi wa namna ya mwisho. Kwa hiyo ninawaandikia ninyi, wala si walimaji wa mbali na migodi.

Nitasema mfano wa kazi yangu. Mnajua ugonjwa wa mihogo unaokunja majani na kuyatia madoa ya manjano. Nawafundisha kukagua shamba mti kwa mti na kung'oa iliyougua. Kazi hiyo ina faida kama miti migonjwa ni michache na kama ninyi mna vijiti safi vya kupanda mahali pake. Bila vijiti safi, kung'oa ni kufanya shamba kuwa uwanja. Mwaka mmoja niliwaambia watu wa kijiji kimoja wang'oe, na vijiti nilivyoahidiwa havikuja. Hata leo nikipita huko mama mmoja ananiuliza kama nimemletea sombe. Basi kumpima mtu bila dawa iliyo tayari ni kazi ya namna hiyo. Umempa jina baya, hukumpa uzima. Tofauti ni kwamba mti wa muhogo unaong'olewa, lakini mtu anabaki katika shamba na kutunzwa humo humo.

FAIDA NI YA NANI?

Narudi kwa hofu ya mzee juu ya kijana wake.

Katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, miaka ya kwanza ya karne ya 20, wachimbaji walitoka mbali, katika vijiji vya Msumbiji, Lesotho na kwingine. Waganga wa migodi waliwapima. Aliyeonekana na kifua kikuu aliondolewa kazini na kurudishwa kwao. Mgodi ulibaki na watu wazima. Kijiji kilipokea mgonjwa, bila dawa, kwa maana dawa ya kuua kijidudu hiki haikuwapo mpaka miaka ya 1940. Akalala katika nyumba ya mama yake pamoja na wadogo zake, na ugonjwa ukaingia mahali ambapo haukuwapo. Kupimwa kule kulikuwa na faida kubwa, lakini faida ilikwenda upande mmoja na hasara upande mwingine.

Kwa hiyo msione haya kuuliza swali hili gari linapofika: majibu yatasomwa na nani? Yakienda kwa munganga na kwa mgonjwa mwenyewe, ni vema. Yakienda kwa kapita wa mashimo ili apunguze watu, basi kijana atajificha, na anayejificha ndiye anayewaambukiza wengine chini ya ardhi, mahali pasipo na hewa. Mgonjwa aliyeanza dawa na kuacha kuambukiza anaweza kurudi kazini mwili ukipata nguvu. Hakuna sababu ya kumfukuza kabisa. Arudishwe kwenye kazi isiyo na vumbi, kama ipo. Wazee wa kijiji wana haki ya kumwambia mwenye mashimo neno hili kabla ya kupima, wala si baada yake.

MAHALI PALIPOJARIBIWA

Labda mtauliza: je, imeonekana mahali popote kwamba kupima watu kunapunguza ugonjwa? Ndiyo, na mahali pengine hapana.

Katika mji wa Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006 mpaka 2008, waganga waliita watu wanaokohoa kwa wiki 2 au zaidi. Walirudi kila miezi 6, mara 6. Mitaa mingine ilipata gari lenye kipaza sauti, na watu walileta makohozi garini. Mitaa mingine watu walipita mlango kwa mlango. Mlango kwa mlango walipata wagonjwa 137. Gari lilipata 255. Mimi sikushangaa. Mwanaume hapendi kuulizwa habari ya makohozi mbele ya mama mkwe wake. Katika mitaa ile yote, wagonjwa wenye makohozi mabaya walipungua kutoka 6.5 katika watu wazima 1,000 mpaka 3.7.

Lakini katika nchi ya Zambia, jirani zetu, na Afrika Kusini, walijaribu katika mahali 24. Kwa sehemu yake waliwahimiza watu wenyewe walete makohozi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013, na ugonjwa haukupungua kwa njia hiyo. Makelele peke yake hayavuni.

Tena Afrika Kusini, katika migodi ya dhahabu, wachimbaji maelfu walipewa dawa ya kuzuia kwa miezi 9, baada ya kupimwa kwanza ili wagonjwa watengwe. Walipokuwa wanameza, waliugua kidogo. Walipoacha, ugonjwa ulirudi kama zamani. Habari hii ilichapishwa mwaka 2014. Mimi naisoma hivi: ukimpa mtu dawa na kumrudisha katika vumbi lilelile na chumba kilekile cha kulala, umepalilia bila kung'oa mizizi.

Mahali palipofaulu sana ni Ca Mau, nchi ya Vietnam, kule wanakolima mpunga. Tangu mwaka 2014, miaka 3 mfululizo, katika vijiji 60 watu wote wa miaka 15 na zaidi waliombwa kutoa makohozi kila mwaka, wawe wanakohoa au hawakohoi. Vijiji vingine 60 viliachwa na desturi ya kila siku. Mwaka wa 4 walihesabu: katika vijiji vilivyopimwa, wagonjwa 126 kwa kila watu 100,000, katika vile vingine, 226. Hiyo ni karibu nusu. Lakini ilitaka kurudi kila mwaka, na dawa kwa kila aliyepatikana. Gari linalokuja mara moja, kupiga picha, na kutoonekana tena, halitawapa matokeo ya Ca Mau.

KOSA LA MZEE

Sasa mtaona kosa la mzee lilikuwa wapi. Alihesabu siku 2 za kupanda, nauli, jina na kazi ya kijana, akaziweka katika upande mmoja wa mizani. Upande wa pili aliuacha mtupu, kana kwamba asipopimwa hatapoteza kitu. Kumbe alikuwa amepoteza mihogo yote ya mwaka, na jembe la mkewe lilikuwa linalima kwa watu wawili. Tena katika chumba kile walilala wajukuu watatu, mmoja bado ananyonya, na watoto wadogo kifua kikuu huwaua upesi kuliko wakubwa.

Zaidi ya hayo, yeye hakuwa mmoja wa wale 900 wasio na dalili. Alikuwa anakohoa tangu mavuno. Mtu mzima asiyekohoa, asiyeishi na mgonjwa, asiyefanya kazi ya vumbi, na ambaye ana mahindi ya kupanda leo, mimi siwezi kumlaumu sana akisema, "Nitakuja kiangazi." Lakini anayekohoa wiki 2, mizani yake imekwisha kulala upande mmoja. Huyo asingoje gari. Aende kwa miguu yake.

Tulimpeleka kwa pikipiki, mimi na kijana wake. Makohozi yalikuwa na vijidudu. Kijana alipimwa, akaonekana mzima, na kazi yake hakuipoteza, ingawa siku zile za kusafiri hakulipwa. Wajukuu walipewa dawa ya kuzuia. Mzee alimeza vidonge. Mkojo wake ukawa wa rangi ya machungwa, akashtuka, maana hakuna aliyemwambia mbele kwamba ni rangi ya dawa tu. Mwezi wa 3 tumbo lilimsumbua, akataka kuacha. Mkewe alikataa. Msimu uliofuata nilipima shamba lake: robo hekta tu, si nusu kama zamani, lakini majani hayakuwamo.

Gari likija kijijini kwenu, kapita na wazee wawaulize waganga maneno haya mbele ya watu wote. Dawa za miezi 6 ziko wapi, na ni kilomita ngapi kutoka hapa? Mwenye doa katika picha atatoa makohozi leo hapa hapa, au atatumwa mbali? Majibu yataletwa lini, na yatapewa nani? Mtarudi mwaka ujao? Kama majibu ni mazuri, jipangeni: kwanza wanaokohoa na wenye mgonjwa nyumbani, kisha waliofanya kazi ya mashimo, hata kama ni zamani, kisha wengine. Kama jibu ni kwamba dawa bado hazijafika, waombeni warudi zikifika, si aibu.

Na atakayeombwa makohozi afanye hivi. Atoe asubuhi, kabla ya kula, akisha kusukutua kinywa kwa maji. Asimame nje, penye upepo, mbali na watu. Avute pumzi ndefu mara mbili, kisha akohoe kutoka chini ya kifua. Mate ya mdomoni hayafai, na kwa sababu ya mate wagonjwa wengi wameambiwa ni wazima. Afunge kifuniko vizuri, aweke chupa kivulini, na aipeleke dispanseri siku ileile.